King'ora Kilichonyamaza Mengo

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa bisibisi wala ngazi. Nilipewa kopo tupu la rangi, boksi lililochanwa vipande vipande, na kibiriti. Fundi Mkuu, mwanajeshi mstaafu kutoka upande wa Arua, aliniamuru niwashe moto ndani ya lile kopo, katikati ya ghala la kampuni, watu wote wakitazama. Nilikuwa nimevaa sketi yangu ya kanisani, maana barua ya kazi ilisema "karani wa ghala," na mimi nilijua karani hukaa mezani.

"Wewe msichana, washa," alisema. "Hapana ogopa. Halafu angalia juu."

Darini kulikuwa na vidude viwili vyeupe vya mviringo, ukubwa wa kisahani cha chai. Boksi lilipoanza kufuka moshi mzito bila mwali, kimoja kililia kwa sauti iliyonifanya niangushe kibiriti. Cha pili kilikaa kimya mpaka nilipochochea karatasi na mwali ukapanda. Fundi Mkuu alicheka, akamwaga maji kwenye kopo, kisha akanieleza. Kile cha kwanza kina taa ndogo ndani ya chumba chenye giza. Moshi ukiingia, mwanga unatawanyika na kugonga jicho lake, ndipo kinapiga kelele. Cha pili kinatumia umeme mdogo sana unaopita hewani, na moto wa mwali mkali huukatiza upesi.

"Kila kidude inajua kitu moja tu," alisema. "Usiulize hii kitu ya ile ingine."

Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari langu jipya, nikayapigia mstari kwa rula. Ninyi vijana mnaosoma haya mnaweza kudhani kwamba jambo likishaandikwa na kupigiwa mstari limeingia kichwani. Ngojeni.

Mimi ni binti wa askari polisi. Wazazi wangu walitoka kaskazini, lakini nilizaliwa kambini hapa Kampala, na Kiswahili nilikiokota kule kule, kati ya watoto wa Kiacholi, Kiteso, Kilugbara na wengine ambao hatukuwa na lugha nyingine ya kugombania mpira. Wenzangu wa shuleni walikiona Kiswahili kuwa lugha ya amri na viboko. Mimi kilinilisha. Kampuni yetu ilikuwa na Mkurugenzi kutoka Nairobi, mafundi kutoka kila kona, na wateja wengi Wakongomani ambao Kiganda kiliwapiga chenga. Mtu wa kuzungumza na wote hao alihitajika, nami mdomo sikunyimwa.

Mwaka mmoja nilihesabu maboksi ghalani. Kisha Msimamizi wa Kazi za Nje akagundua tatizo. King'ora cha moshi cha nyumbani hufungwa pale watu wanapolala, na waume wengi hawakupenda fundi mwanamume apande ngazi juu ya kitanda cha mkewe. Akaniita ofisini.

"Akello, unaogopa ngazi?"

"Siogopi, bwana."

"Na buibui?"

"Buibui ndio wataniogopa."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa fundi. Nilijifunza kwamba king'ora cha moshi hukaa juu, kwa kuwa moshi hupanda, lakini hakiwekwi kwenye kona, kwa kuwa pale hewa hukwama na moshi haufiki. Hakiwekwi juu ya jiko, kitalia kila mkaango wa vitunguu. Hakiwekwi karibu na feni. Nyumba ya mabati isiyo na dari ina shida yake: mchana bati likipata jua, joto linajikusanya chini yake kama blanketi, na moshi unaopanda unaishia hapo, haukigusi king'ora. Kwa hiyo tulikishusha kidogo, tukakifunga kwenye kipande cha mbao kinachoning'inia kutoka kwenye boriti. Hilo halikuwa kwenye kitabu cha watengenezaji. Tulijifunza wenyewe kwa kopo la rangi na boksi.

Kituo changu cha kwanza cha kudumu kilikuwa Port Bell, kwenye nyumba za wafanyakazi karibu na gati. Huko adui yetu hakuwa moto. Ni wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaoinuka kutoka majini kama wingu na kuvamia kila chenye mwanga. Waliingia ndani ya ving'ora, wakajaa kwenye kile chumba cha giza, na jicho likawaona kuwa moshi. Mtaa mzima ukalia kwa pamoja. Wiki iliyofuata nilivikuta ving'ora vyote vimevishwa soksi. Nilimuuliza mke wa baharia mmoja kwa nini.

"Fundi, kitu inapiga kelele kuliko bibi-mkwe," alisema. "Bibi-mkwe siwezi kuvalisha soksi. Hii naweza."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha tukashona vichujio vya waya mwembamba, tukawafundisha watu kusafisha kwa brashi laini kila mwezi, na kubonyeza kile kitufe cha kujaribia ili wasikie kama kingali hai. Soksi zikarudi miguuni. Nilikuwa na majivuno kipindi hicho, sitaki kuwaficha. Watu walinipungia mkono barabarani. Nikisema king'ora kiwekwe hapa, kiliwekwa hapa, na nikisema jambo la moto, halikuulizwa mara mbili.

Miaka hiyo hiyo Mkurugenzi alileta aina nyingine ya king'ora, cha hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Sisi mafundi tuliiita hewa bubu. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Hutoka pale kitu kinapoungua bila kupata hewa ya kutosha. Ukiivuta, inakaa kwenye damu mahali pa oksijeni na haibanduki upesi, hivyo mtu anapumua vizuri kabisa huku mwili wake ukikosa hewa. Tulifundishwa siku mbili. Mkurugenzi alituonyesha picha za boila za hoteli, jenereta za maofisini, na meko ya gesi ya nyumba za Ulaya. Mwisho tulipewa mtihani, nikawa wa kwanza.

Sasa tazameni jinsi mtu anavyoweza kufaulu mtihani na kubaki mjinga. Ving'ora vya hewa bubu nilivifunga hotelini na kwenye vyumba vya jenereta, kama nilivyofundishwa. Jioni nilirudi nyumbani kwangu, nikaisubiri sigiri yangu, jiko dogo la makaa, iishe moshi nje, makaa yawe mekundu na majivu meupe juu, kisha nikaiingiza ndani ili maharage yaendelee kuiva na mvua isiizime. Mama yangu alifanya hivyo. Jirani zangu wote wanafanya hivyo. Tena yule anayeingiza sigiri ingali inafuka ndiye tunayemwita mzembe. Sisi waangalifu tunangoja moshi uishe. Haikunijia hata siku moja kwamba makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yale yale ya mtihani.

Nikahamishiwa Mengo. Huko nilikutana na Mama Furaha, mfanyabiashara wa vitenge aliyekimbia vita Kivu akiwa na binti mmoja mgongoni. Binti huyo, Furaha, alikuwa sasa mwanamke mzima, na alikuwa amejifungua mtoto wa kike majuma mawili kabla. Mume wake alikuwa safarini Juba na lori. Walikaa vyumba viwili vya kupanga, vyenye dari ya mbao na madirisha madogo. Nyumba ya jirani ilikuwa imeungua kwa sababu ya mshumaa, na Mama Furaha hakutaka tena kulala bila mlinzi. Alinunua king'ora kimoja cha moshi, nikaja kukifunga.

Nilikifunga vizuri. Hilo nalisema bila aibu: katikati ya dari, mbali na kona, betri mpya. Nilimbonyezea kitufe, mtoto akashtuka, Furaha akacheka na kumfunika masikio. Nilipokuwa nakunja ngazi, Mama Furaha aliniuliza.

"Mama Fundi, na sigiri? Mtoto anasikiaka baridi sana, na mvua iko karibu. Tunaweza iingiza mu chumba?"

"Ngojeni moshi uishe kwanza," nikamwambia. "Makaa yakiwa mekundu, ingizeni. Hiki king'ora kikinyamaza, hakuna shida."

Ulimi hauna mfupa. Nilisema, nikabeba ngazi, nikaenda zangu.

Siku chache baadaye mvua zikaanza. Mama Furaha akanipigia simu.

"Mama Fundi, kitu yako haijalia hata siku moja. Lakini mtoto wangu Furaha kichwa kinamuumaka kila siku, na anatapikaka. Akitoka inje kuanika nguo, anasikia nafuu. Akirudi, inaanza tena. Ni hii kitu yako inatoa dawa?"

Sikilizeni vizuri, ninyi mtakaofuata kazi hii. Mwanamke ambaye hakusoma hata ukurasa mmoja wa kitabu chetu alinipa dalili zote, moja baada ya nyingine, na akanipa hata ile kubwa kuliko zote, kwamba nje anapata nafuu. Alijua kuwa ugonjwa umo ndani ya nyumba. Mimi niliyekuwa wa kwanza kwenye mtihani nilimjibu hivi: "Kama hakilii, hakuna kitu. Mpeleke akapimwe malaria."

Siku ya tatu kutoka hapo, mchana, mvua kubwa ilimfukuza Mama Furaha sokoni kabla ya saa yake. Alikuta mlango umefungwa na chini yake pamezibwa kwa nguo kuzuia maji yasiingie. Ndani, Furaha alikuwa amelala mkekani, mtoto kifuani, sigiri nyekundu miguuni pao, na king'ora changu darini kikiwa kimya kabisa. Aliwaburuta nje kwenye mvua mmoja mmoja. Mtoto alilia punde tu maji yalipompiga usoni. Furaha hakulia.

Nilipata habari kwa jirani na nikaenda hospitali na buti zangu za kazi. Daktari alikuwa amemaliza kumweka Furaha kwenye oksijeni. Aliniuliza swali moja tu kabla ya kujua mimi ni nani: "Walikuwa na sigiri ndani?" Sikuhitaji aniambie zaidi, maana kila jibu nililolijua la ule mtihani lilikuja lenyewe, kwa mpangilio, limechelewa.

Furaha hakufa. Alizinduka baada ya siku mbili. Lakini kumbukumbu yake ilikuwa imeharibika. Alimjua mama yake, alijua nyimbo za kanisani za utotoni, ila jambo jipya halikukaa. Alimnyonyesha mtoto wake na kuuliza ni mtoto wa nani. Kadiri miezi ilivyopita alipata nafuu, akamshika mwanawe moyoni, akajifunza kuandika mambo kwenye karatasi. Nyuso za watu wapya hazikushika, na hazijashika mpaka leo.

Nilimweleza Mkurugenzi yote, na nikamwambia nataka kurudi kwenye kila nyumba ambako niliwahi kusema maneno yale. Maana Furaha hakuwa peke yake. Nilikuwa nimeyasema Port Bell, nimeyasema Kalerwe kwa wauza chakula, nimeyasema kambini kwetu. Hakuwa mtu mbaya, yule Mkurugenzi, lakini alikuwa na kampuni ya kulinda.

"Sikiza Akello," alisema. "Waliagiza king'ora cha moshi, tukawauzia cha moshi, na kiko sawa. Ukienda kugonga milango, umekubali makosa. Wacha."

"Makosa ni yangu, bwana. Si ya king'ora."

"Basi usiende na gari ya kampuni, wala usivae sare yetu."

Nikaenda kwa miguu, Jumamosi zangu. Nilifikiri kugonga milango ndiyo kazi ngumu. Ngumu ilikuwa kuaminiwa. Mama mmoja kambini, rafiki wa mama yangu, aliniacha niongee mpaka mwisho huku akichambua mchele.

"Wewe jana ulisema weka ndani," akasema. "Leo wewe nasema toa inje. Kesho utasema nini? Sisi nafanya hii kitu tangu zamani, nani alikufa?"

Wengine walidhani natafuta kuuza king'ora kingine, na kwa kweli ile aina ya pili ilikuwa ghali. Kalerwe muuza chapati alinipa kiti, akanipa chai, akanisikiliza kwa heshima zote, na nilipogeuka nyuma nikaona sigiri inaingia dukani kwa sababu manyunyu yameanza. Maji yakimwagika hayazoleki. Nilijua kabisa ilivyo rahisi kuliweka neno kichwani mwa mtu, na sasa nilikuwa najifunza bei ya kulitoa.

Nilirudi Mengo kwa Mama Furaha kumwomba msamaha. Nilikuwa nimekwisha kwenda mara mbili na hakunifungulia. Mara ya tatu alifungua, akasimama mlangoni na mjukuu begani. Nilimwambia yote: niliyojua, ambayo sikuyafikiria, ile simu yake. Nikamwambia pia kwamba nazunguka na watu hawaniamini. Alimhamisha mjukuu bega la pili.

"Mie sijakusamehe," alisema mwishowe. "Usifikirie kama nimekusamehe. Lakini batu bengine banaweza kufa. Kesho unaenda wapi?"

"Kambini."

"Tutaenda wote."

Alifunga mtoto mgongoni, akamshika Furaha mkono, na tukaenda. Kwenye mlango wa yule mama wa mchele, sikufungua kinywa. Mama Furaha alimsukuma binti yake mbele kidogo, akasema, "Mama, umuulize jina ya huyu mtoto." Yule mama akauliza. Furaha, wakati huo angali hajamshika mwanawe moyoni, alimtazama mtoto mgongoni mwa mama yake, akatabasamu kwa adabu kama mtu aliyesahau jina la mgeni, akaanza kutafuta karatasi yake mfukoni. Yule mama alisimama, akaingia ndani, akaitoa sigiri yake kwa mikono miwili na kuiweka chini ya upenu. Alikuwa analia. Hata mimi nililia, na Mama Furaha alitukaripia wote wawili.

Tulitembea hivyo miezi mingi, mimi na yeye, hata baada ya kumwacha Furaha nyumbani apumzike. Njiani hakuniongelesha sana. Nyumba nyingine zilitusikia, nyingine hazikutusikia. Fundi Mkuu, akiwa mzee sana sasa, ndiye aliyekwenda kuzungumza na Mkurugenzi, sijui walisemezana nini, lakini baadaye nilirudishiwa sare, na kila fundi akaagizwa kuuliza juu ya sigiri kabla ya kufungua boksi la vifaa.

Basi yale ya kazi niwaachie hapa. King'ora cha moshi kinajua moshi. Hewa bubu inataka king'ora chake chenyewe, na hicho kiwekeni usawa wa mahali mtu anapopumulia akilala, si nyuma ya pazia wala ndani ya kabati. Kina umri wake. Tarehe ya mwisho imeandikwa mgongoni, nacho kikifika hapo kitupeni hata kama bado kinawaka taa. Asiyekuwa na uwezo wa kukinunua, na hao ndio wengi, atoe sigiri nje hata kama mvua inanyesha, hata kama makaa ni mekundu na mazuri kutazama. Mtoto mchanga apashwe joto kwa chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa. Na mtu akiwaambia kichwa kinamuuma ndani na kinapoa nje, msimtaje mbu. Fungueni milango, mtoeni, ndipo muulize maswali.

Nimestaafu. Magoti yamekataa ngazi. Mara moja au mbili kwa mwezi naenda Mengo, na Mama Furaha sasa ananipa kiti bila kusema neno. Furaha ndiye anayenipokea mlangoni, na kila mara ananiuliza mimi ni nani. Mwanzoni mama yake alitaka kunisaidia: "Sema tu wewe ni rafiki." Nilikataa. Kwa hiyo kila ninapokwenda nasimama pale mlangoni namwambia: mimi ni Akello, fundi, niliyewaambia muingize sigiri ndani, nikasema hakuna shida. Kwake ni habari mpya kila mara. Kuna siku amenifukuza, nikaenda zangu. Kuna siku amelia, nikakaa naye. Kuna siku amenisamehe kabisa, akanikumbatia, na nikatembea mpaka kituo cha basi nikijua kwamba nikirudi hatakumbuka kuwa alinisamehe.

Jumapili iliyopita binti yake, ambaye sasa yuko darasa la nne, alikuwa barazani anasuka doli nywele. Furaha alinisikiliza mpaka mwisho. Akamtazama binti yake, akanitazama mimi, akaangalia buti zangu.

"Na ukarudi kuniambia?" aliuliza.

"Nilirudi."

"Mara ngapi?"

"Sijahesabu."

Akasogea kutoka mlangoni, akanipa nafasi. "Leo ingia," alisema. "Siku ingine utaniambia tena."